Pafu Likianguka

Leo nazungumzia pafu linaloanguka ghafla ndani ya kifua cha mtu ambaye mapafu yake yalikuwa mabovu tangu zamani. Ninachokiamini nakisema mapema. Upasuaji wa matundu madogo, ule wa kamera na vyombo vyembamba, watu wengi huuhesabu kuwa starehe ya wenye pesa. Mimi nasema anayeuhitaji kuliko wote ni maskini mwenye mapafu yaliyochoka.

Nazungumza kutoka Muhumba, mnaijua. Ni moja ya zile rasi ambazo mji wa Bukavu umezinyoosha ndani ya ziwa Kivu, huku Ibanda. Mtaa wa nyumba kubwa, ofisi za mashirika na mageti marefu. Kila geti lina sentineli wake, na miongoni mwa masentineli hao wamo waliokuwa wachimbaji kabla magoti na pumzi havijawakatalia. Tuchukue mmoja wao kwa mfano tu, simtaji mtu. Ana miaka hamsini na kitu. Ujana wake aliumalizia katika mashimo ya dhahabu ya Kamituga. Aliwahi kuugua kifua kikuu, akameza dawa mpaka mwisho, akapona. Sigara hakuiacha. Saa nane ya usiku anakohoa, anasikia mchomo mkali upande wa kulia, na kuanzia hapo hewa haimtoshi. Mwenzake anamletea koti, akidhani ni baridi ya ziwa.

Kilichompata ni hiki. Pafu halina msuli wake wa kujitanua. Linabaki wazi kwa sababu limenata kwenye ukuta wa kifua kupitia tando mbili laini zenye majimaji kidogo katikati, kama karatasi mbili za nailoni zilizolowa: kuteleza zinateleza, kuachana haziachani. Hewa ikipenya kati ya tando hizo, mnato unakwisha na pafu linajikunja. Hewa inaweza kuingia kutoka nje, kwa kisu au kwa risasi, na mji wetu umeona majeraha ya namna hiyo mengi mno. Lakini kwa mtu huyu imetoka ndani, kwenye pafu lenyewe lililotoboka. Madaktari huita hali hii pneumotoraksi.

Kijana mrefu na mwembamba, mzima wa afya, naye anaweza kupatwa na jambo hili bila sababu inayoonekana. Ataumwa na ataogopa, lakini pafu lake la pili litambeba, na pengine ataingia hopitalini kwa miguu yake mwenyewe. Sentineli wetu hana pafu la akiba. Yote mawili yalikuwa yakifanya kazi nusu nusu, kwa hiyo hata hewa kidogo ikivuja inatosha kumfanya midomo igeuke rangi. Picha za kifua za watu hawa wawili zinaweza kufanana. Hatari yao haifanani hata kidogo.

Mapafu hufikaje hapo? Kifua kikuu huchimba mashimo ndani ya pafu, na hata kikipona huacha makovu na kuta nyembamba. Nchi yetu imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zinazobeba mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huo. Tumbaku huharibu kuta za vifuko vidogo vya hewa mpaka vinaungana kuwa malengelenge makubwa yanayoweza kupasuka kwa kikohozi kimoja. Huo ni ugonjwa wa emfizema. Moshi wa makala na kuni katika jiko lisilo na dirisha huumiza njia za hewa mwaka baada ya mwaka. Mwenye virusi vya Ukimwi ambaye hajaanza dawa anaweza kupata homa ya mapafu inayoyatoboa.

Halafu kuna vumbi la mawe. Wafikirieni akina mama watwangaji wa Kamituga, wanaoketi kutwa mbele ya vinu vya chuma wakiponda mawe hadi yawe unga ili dhahabu ipatikane. Jiwe lile lina silika. Chembe zake ni ndogo kiasi cha kupita pua na koo bila kuzuiwa. Zinafika chini kabisa ya pafu na hazitoki tena. Mwili huzizungushia makovu, makovu yanakaza, na nafasi ya kupumulia inapungua. Mbaya zaidi, pafu lenye silika hukaribisha kifua kikuu kwa urahisi kuliko pafu safi. Tanzania wanalijua hili vizuri. Hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, iliyoanza mwaka 1926 kama makao ya wagonjwa wa kifua kikuu, imekuwa ikiwahudumia wachimbaji wa tanzanaiti wa Mirerani ambao wengine wao wanabeba yote mawili, vumbi na kifua kikuu, katika kifua kimoja. Kamituga na Mirerani ni mbali, lakini jiwe linawafanyia watu jambo lilelile.

Sasa turudi kwa mgonjwa wetu, amefika hopitalini. Daktari anamgonga kifua kwa vidole: upande ulioanguka unalia utupu. Anaweka sikio la chombo: pumzi haisikiki. Kama mgonjwa anazidiwa mbele ya macho yake, mishipa ya shingo imetuna na presha ya damu inashuka, hapo tundu la pafu linaruhusu hewa kuingia na kuizuia kutoka, na hewa hiyo inausukuma moyo kando. Mtu wa namna hiyo hapelekwi kwenye picha. Anachomwa sindano kifuani papo hapo, hewa itoke, maana akisubiri foleni ya picha atafia humo. Asiyefikia hapo anapigwa picha ya kifua, na ikithibitika anawekewa mpira.

Mpira huo unaingia kati ya mbavu, chini ya kwapa, kwa dawa ya ganzi. Ncha yake ya nje inazamishwa sentimita 2 hivi ndani ya maji safi katika chupa. Hewa inatoka kwa mapovu, na maji yanaizuia isirudi. Daktari wa Hamburg, Gotthard Bülau, alianza kuutumia mtindo huu katika karne ya 19, na mpaka leo hakuna kilichoufukuza wodini. Hauhitaji umeme. Unaokoa maisha katika hopitali ya kijijini sawasawa na katika mji mkuu.

Hapa nasema na ndugu wanaomlinda mgonjwa, kwa sababu kwetu wao ndio wanaokesha. Chupa ikae chini siku zote, chini ya kiwango cha kifua. Msiiweke kitandani wala msiinyanyue juu ya mgonjwa mnapomsogeza, maji yasije yakarudi ndani. Na mpira unaotoa mapovu usibanwe, hata kama anapelekwa kwenye picha au chooni. Anayeubana kwa nia njema anaifungia hewa ndani upya.

Kwa yule kijana mzima, mapovu hukoma baada ya siku chache, mpira unatolewa, anarudi nyumbani. Kwa mapafu yaliyokwisha kuharibika, mara nyingi mambo hayaendi hivyo. Siku ya tano inafika, maji bado yanatoa mapovu. Nyama iliyozunguka tundu ni kovu au lengelenge. Haina uwezo wa kujiziba. Mgonjwa anaendelea kulala. Anakonda, miguu inapoteza nguvu, vijidudu vinapata njia ya kuingia kupitia mpira, na kila siku inaongeza mstari kwenye fakitira. Mnajua wote kinachofuata kwetu mtu anaposhindwa kulipa: amepona, lakini haruhusiwi kutoka. Na hata mapovu yakikoma, ugonjwa unaweza kurudi. Kwa aliyetibiwa kwa mpira peke yake, karibu mtu mmoja kati ya watatu pafu huanguka tena, na kwa wenye ugonjwa wa mapafu hatari hiyo ni kubwa zaidi.

Hapo ndipo upasuaji unapoingia. Njia ya zamani ni kufungua kifua: mkato mrefu ubavuni, mbavu zinatanuliwa kwa chuma, mkono wa daktari unaingia. Kazi inafanyika vizuri, nani atabisha? Lakini tazameni baada ya operesheni. Mbavu zilizotanuliwa zinauma kwa wiki nyingi. Anayeumwa mbavu hawezi kuvuta pumzi ndefu wala kukohoa kwa nguvu, na asiyekohoa makohozi yanamlalia ndani, yanaleta homa ya mapafu. Mwenye mapafu mazima anavumilia hayo. Yule sentineli yanaweza kumuua, hata kama mshono ni mzuri kabisa. Kwa hiyo madaktari wengi, mbele ya mtu kama huyo, huamua kutomgusa, na wanamwacha na chupa yake.

Upasuaji wa matundu madogo, torakoskopi, uliibadilisha hesabu hiyo. Tundu moja, mawili au matatu kati ya mbavu, kila moja upana wa kidole au chini ya hapo. Kwenye moja inaingia kamera, kwingine vyombo. Daktari anaangalia skrini, analitafuta lengelenge linalovuja, analikata na kulifunga, halafu anaukwaruza utando wa ndani ya kifua au kuunyunyizia unga wa talki uliotakaswa kwa kazi hiyo, ili pafu linate na kuganda kwenye ukuta wake lisianguke tena. Mbavu hazitanuliwi. Mgonjwa anaweza kukaa na kukohoa mapema, na mpira unatolewa mapema. Ni haki kutaja na upande wa pili: baada ya kufungua kifua, ugonjwa hurudi kwa takriban mtu 1 kati ya 100; baada ya matundu madogo, kwa takriban 5 kati ya 100. Tofauti ipo. Lakini nikimweka mtu mwenye nusu ya pumzi kwenye mizani hiyo, nachagua njia inayomwacha akohoe.

Msidhani kwamba jambo hili limebuniwa jana kwa ajili ya hospitali za vioo. Mwaka 1910, huko Stockholm, daktari Hans Christian Jacobaeus alichapisha habari za jinsi alivyotazama ndani ya kifua cha mtu aliye hai kwa kutumia kifaa kilichotengenezwa kutazamia kibofu. Wagonjwa wake walikuwa nani? Wagonjwa wa kifua kikuu. Wakati ule dawa za kukiua kijidudu hazikuwapo, na madaktari, wakimfuata Mwitalia Carlo Forlanini, walikuwa wakiliangusha pafu kwa makusudi ili lipumzike na shimo lake lifunge. Makovu yalipolishikilia pafu lisianguke, Jacobaeus aliingiza chombo chake na kuyakata, chini ya ganzi tu. Njia hii ilizaliwa katika kifua cha mgonjwa wa kifua kikuu. Ilikuja kuitwa ya kisasa katika miaka ya 1990, kamera ndogo na skrini zilipopatikana.

Na hiyo ganzi ya Jacobaeus ina maana kwetu leo. Kwa kawaida torakoskopi hufanywa mgonjwa akiwa amelala usingizi kabisa, pafu moja linapumua na lile linalofanyiwa kazi linasimamishwa. Mtu ambaye pafu lake la pili nalo ni bovu anaweza asistahimili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Eugenio Pompeo na wenzake wa Roma walianza kuonyesha kwamba baadhi ya operesheni hizi zinaweza kufanywa mgonjwa akiwa macho, akipumua mwenyewe, kifua kimetiwa ganzi. Si kwa kila mtu, na si kwa timu isiyo na uzoefu. Lakini mlango uliofungwa kwa walio dhaifu zaidi umefunguka kidogo.

Bukavu je? Tunayo historia yetu, na ni ya kujivunia. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha daktari Denis Mukwege mwaka 1999, dunia inaijua kwa akina mama waliobakwa na kuumizwa vitani, na kwa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2018. Wachache wanakumbuka kwamba huko huko Panzi upasuaji wa matundu madogo wa tumboni, laparoskopi, uliingia kwa ajili ya akina mama hao hao. Daktari Guy-Bernard Cadière wa Brussels alikuja na timu yake, wakafanya kazi bega kwa bega na madaktari wa hapa, wakafundishana. Wangeweza kusema njia hii ni ya Ulaya, hapa hakuna umeme, hapa watu ni maskini. Waliamua kwamba mwanamke aliyekwisha kukatwakatwa na vita hastahili kukatwa tena kwa mkato mrefu kama mfupi unawezekana. Mimi naichukua hoja hiyo na kuipandisha juu, kutoka tumboni hadi kifuani.

Kwa sababu vyombo vingi ni vilevile. Kamera ile, taa ile, skrini ile. Tena kifua kina unafuu mmoja: tumbo ni lazima lijazwe gesi ili daktari aone, lakini kifua kinashikiliwa na mbavu, na pafu likishuka nafasi inapatikana yenyewe. Mtungi wa gesi si lazima. Kinachogharimu ni vile vibanio vya kushonea vinavyotumika mara moja na kutupwa. Navyo pia, kwa lengelenge dogo, daktari hodari anaweza kuvikwepa kwa kulifunga kwa kitanzi cha uzi.

Kigumu zaidi ni watu. Anahitajika mpasuaji aliyezoea kifua, maana kifua kilichopitiwa na kifua kikuu kimejaa makovu yaliyogandana. Mara nyingine kamera haipiti, na lazima awepo anayeweza kufungua njia kubwa dakika hiyo hiyo. Anahitajika pia daktari wa usingizi anayejua kulipumulisha pafu moja peke yake. Ndiyo maana nawaambia wakuu wa hospitali zetu, na vyuo vikuu vyetu vinavyofundisha udaktari hapa mjini: mkipata nafasi ya kumpeleka mtu kujifunza, msipeleke mmoja. Pelekeni wawili, wa kisu na wa usingizi, warudi pamoja. Mpasuaji aliyerudi peke yake atakaa na vyeti ukutani. Na umeme? Mto Ruzizi unatoka ziwani hapa hapa mjini na mabwawa yake yanazalisha umeme, na bado umeme wa shirika la SNEL unatukatikia. Chumba cha upasuaji wa kamera kinataka chanzo chake cha pili kinachowaka bila kungoja.

Wakati tukisubiri hayo, kuna mambo ya kati, na nataka myajue ili muulize. Pafu linalokataa kuziba linaweza kusaidiwa kupitia mpira ule ule: damu ya mgonjwa mwenyewe inavutwa mkononi na kumiminwa kifuani, inaganda juu ya tundu. Au inatiwa dawa ya kukwaruza, talki iliyotakaswa, hata ile ya aidini tunayosafishia vidonda, kwa kipimo cha daktari na kwa dawa ya kutuliza maumivu, kwa sababu inauma. Asiyefaa kwa operesheni hana sababu ya kuachwa bila lolote. Na nyinyi wa mutuele za afya, andikeni mpira wa kifua na siku zake katika orodha ya mnayolipia. Hakuna familia inayoweka akiba kwa ajili ya pafu kuanguka.

Neno kwa wanaomhamisha mgonjwa. Tangu vita vilipoufikia mji wetu Februari 2025 na ndege za abiria kusimama kwenye uwanja wa Kavumu, anayetafuta mpasuaji wa kifua mara nyingi anavuka Ruzizi kwenda Kigali kwa gari. Njia hiyo inapanda msitu wa Nyungwe, zaidi ya mita 2,000, wakati sisi tuko kwenye 1,500 hivi. Hewa iliyofungiwa kifuani hupanuka kadiri mtu anavyopanda. Anayeondoka na pafu lililoanguka, bila mpira, anaweza kuzidiwa katikati ya msitu ambako hakuna wa kumsaidia. Awekewe mpira kwanza, halafu asafiri. Ndege nayo asiipande mpaka daktari aseme pafu limerudi na limekaa.

Waliotibiwa, sigara iachwe, hata kama umeivuta miaka thelathini. Pafu lililobaki ndilo utakaloishi nalo. Watwangaji wa mawe, mwagieni jiwe maji kabla ya kulipiga, vumbi lilale, na fanyeni kipimo cha makohozi kila kikohozi kinapopita wiki mbili. Na usiku mtu akishikwa na mchomo wa ghafla ubavuni, pumzi ikawa fupi, msimlaze. Mkalisheni wima, mumpakie kwenye teksi au pikipiki akiwa ameshikwa mbele na nyuma, msingoje kuche. Mkifika, kabla ya kitu kingine, semeni mawili: pumzi ilikatika ghafla, na aliwahi kuugua kifua kikuu, au alichimba, au alitwanga. Mtakapoyasema hayo, daktari ataweka sikio pande zote mbili za kifua, kulia na kushoto, kabla ya kuandika dawa ya kikohozi.